Aliyefungwa Apange: Safari ya mipira 15 na pembetatu yake

"Hiyo haijashika."

"Imeshika, kaka. Vunja."

"Haijashika. Tazama hapo nyuma ya mpira wa mbele. Hata noti inapita."

Ubishi wa namna hii hausikiki mara moja kwa usiku. Unarudi kila mchezo unapoanza, katika baa ya Mwanza, ya Mombasa au ya Kampala, popote penye meza ya pool na watu wawili wenye fimbo. Aliyefungwa mchezo uliopita ameinama, vidole vyake viko ndani ya fremu ya pembetatu, anaisukuma mipira mbele kama mtu anayekanda unga. Mshindi amesimama upande wa pili, anapaka chaki ncha ya fimbo yake, wala hana haraka. Hataki kuvunja mpaka aridhike kwamba mipira yote imegusana.

Mgeni anaweza kudhani wanapoteza muda, kwani nafasi wanayoibishania ni nyembamba kuliko ukucha. Mchezaji anajua zaidi. Mipira ikishikana, nguvu ya mpira mweupe hupita kutoka mmoja hadi mwingine, na kundi zima hutawanyika kwa kishindo. Ikiachiana, nguvu hiyo hufia njiani: mipira miwili mitatu hukimbia, mingine hubaki imerundikana kama mbuzi waliogoma kutoka zizini. Hivyo aliyeshika pembetatu ameshatia mkono wake katika mchezo kabla mwenzake hajapiga hata mara moja.

Kwa nini mipira iwe 15? Kwa nini ipangwe pembetatu, na kwa nini ule mweusi wenye namba 8 ukae katikati? Majibu yanapitia jumba la mfalme wa Ufaransa, kambi ya askari wa Kiingereza nchini India na kumbi za New York. Yanapitia pia soko la pembe la Unguja.

Kutoka majanini hadi mezani

Biliadi ilianza kama mchezo wa uwanjani, watu wakisukuma mipira juu ya majani kwa fimbo zenye vichwa. Katika karne ya 15 matajiri wa Ulaya waliuingiza ndani ili mvua na baridi zisiwasumbue. Mfalme Louis XI wa Ufaransa, aliyetawala kuanzia 1461 hadi 1483, anatajwa kuwa mmoja wa watu wa kwanza kumiliki meza yake. Kitambaa cha kijani tunachokiona leo ni kumbukumbu ya majani yale.

Kwa muda mrefu hapakuwa na haja ya kupanga kitu chochote. Wachezaji walitumia mipira miwili au mitatu tu, kila mmoja ukiwekwa mahali pake. Vifaa vyenyewe vilikuwa duni: meza za mbao zilizopinda na fimbo butu. Mwanzoni mwa karne ya 19 mambo yalibadilika haraka. Mfaransa François Mingaud alibandika kipande cha ngozi kwenye ncha ya fimbo, na mchezaji akaweza kuuzungusha mpira atakavyo. Miaka ya 1820 John Thurston wa London alianza kutengeneza meza zenye sakafu ya jiwe, tambarare na zisizopinda. Kisha zikaja kingo za mpira uliopikwa kwa salfa, zilizorudisha mapigo kwa nguvu ileile kila upande.

Meza ikishakuwa ya kuaminika, watu hutaka mipira zaidi. Hapo ndipo pembetatu ilipoingia.

Piramidi

Waingereza wa karne ya 19 walikuwa na mchezo walioupenda, wakauita piramidi. Mipira 15 myekundu ilipangwa katika safu tano: mmoja mbele, miwili nyuma yake, mitatu, minne, mitano. Ukijumlisha moja hadi tano unapata 15, na umbo linalotokea ni pembetatu kamili isiyo na pengo wala ziada. Aliyetumbukiza mipira mingi kuliko wenzake ndiye aliyeshinda. Rangi haikuwa na maana na namba hazikuwepo, hivyo kupanga kulikuwa kazi ya mkono tu. Hapakuwa na la kuamua.

Mchezo huo ulizaa watoto wawili ambao bado wanaishi. Wa kwanza ni piramidi ya Kirusi, ambayo mpaka leo ina mipira mikubwa ya milimita 68 inayolazimishwa kupita katika mashimo yanayoizidi kidogo sana. Wa pili ni snuka. Mwaka 1875, mjini Jabalpur nchini India, maofisa wa jeshi la Uingereza walikuwa wamechoshwa na mvua na michezo ileile. Kijana mmoja wao, Neville Chamberlain, ambaye si yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alichukua pembetatu ya mipira 15 myekundu na kuiongezea mipira ya rangi nyingine. Mwaka 1882, katika mji wa milimani wa Ootacamund, kanuni zake ziliandikwa.

Katika snuka mpangaji ana sharti linalomtesa mpaka leo. Mpira mwekundu wa mbele lazima ukae karibu kabisa na mpira wa waridi, lakini usiuguse. Katika pool tunagombania kugusana, na katika snuka tunagombania kutogusana. Ubishi ni uleule, umegeuzwa tu.

Pembe kutoka kwetu

Mipira yenyewe ilitengenezwa kwa pembe za ndovu, na hapo historia hii inafika nyumbani.

Pembe za Afrika Mashariki zilikuwa laini kuliko za sehemu nyingine, hazikupasuka ovyo chini ya msumeno, na wanunuzi wa Marekani na Ulaya walizipenda. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani akaanza kazi Unguja. Meli za kutoka Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba ambacho watu wa pwani walikipa jina la nchi kilikotoka: merikani. Merikani ilikwenda bara na pembe zikarudi pwani. Misafara ilitoka Manyema, ikapita Ujiji na Tabora, ikaishia Bagamoyo. Pembe zilikuwa juu ya mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi na ya watumwa waliobebeshwa kwa nguvu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alitajirika kwa biashara hiyo, na mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili.

Sehemu kubwa ya pembe za Unguja zilizokwenda Marekani ziliishia Connecticut, katika miji kama Deep River na Ivoryton, huu wa pili ukiwa umepewa jina la pembe zenyewe. Nyingi zilikatwa kuwa vibao vya piano na vitana, nyingine zikawa mipira ya biliadi. Ernst Moore, Mmarekani aliyekuwa mnunuzi wa pembe Unguja, alirudi kwao na mwaka 1931 akachapisha kitabu ambacho katika jina lake ameiita pembe janga la Afrika.

Mpira wa biliadi ulikuwa mlafi kuliko bidhaa nyingine zote. Shina la pembe ni tundu tupu na ncha yake ni nyembamba mno, kwa hiyo ni sehemu ya kati tu inayofaa. Ndani ya sehemu hiyo hupita mshipa mwembamba. Fundi ilimlazimu akereze mpira ili mshipa upite katikati kabisa, la sivyo upande mmoja ungekuwa mzito na mpira ungekwenda upogo. Pembe moja ilitoa mipira michache tu. Pembetatu moja ya mipira 15, pamoja na mweupe wake, ilikula zaidi ya ndovu mmoja.

Hata baada ya kazi yote hiyo, mpira wa pembe haukutulia. Pembe ni kitu kilichokuwa hai: hunywa unyevu, husinyaa kwa ukavu, na husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Mpira uliotoka kwa fundi ukiwa duara, baada ya majira machache ulikuwa umeanza kuelekea umbo la yai. Ulirudishwa kwa fundi, akaukereza tena, ukawa mdogo kuliko wenzake. Ukiwa na mipira 15 ya aina hiyo, hata ungekuwa na vidole vya mshona shanga, usingeweza kuifanya yote ishikane. Enzi hizo nafasi kati ya mipira ilikuwa kudra, na hakuna anayemlaumu jirani kwa kudra.

Dola 10,000

Miaka ya 1860 wafanyabiashara wenyewe walianza kuogopa kwamba pembe zingewaishia. Kampuni ya Phelan na Collender ya New York, iliyouza meza kote Marekani, ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. Tangazo hilo lilimvutia John Wesley Hyatt wa Albany, fundi wa uchapaji ambaye hakuwa na elimu ya kemia. Katika 1869 na 1870 alipata hataza zilizozaa seluloidi, moja ya plastiki za kwanza duniani.

Mipira yake ya mwanzo ilikuwa na kasoro ya ajabu: iliweza kutoa mlio kama baruti ilipogongana kwa nguvu. Hyatt mwenyewe alipenda kusimulia kuhusu mwenye baa mmoja wa Colorado aliyemwandikia kwamba mlio huo haumsumbui yeye, ila kila unaposikika wanaume wote ukumbini huchomoa bastola.

Baadaye, mwaka 1907, Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alitengeneza bakelaiti, plastiki ngumu isiyoyeyuka kwa moto. Ukoo wa plastiki hiyo ndio ulioshinda. Leo mipira mingi bora hutoka Ubelgiji, katika kiwanda cha Saluc kijijini Callenelle. Kipenyo chake ni milimita 57.15, na kanuni za kimataifa haziruhusu kipungue wala kuzidi kwa zaidi ya milimita 0.127, kiasi cha unene wa karatasi.

Ndovu alipata ahueni, walau kwa upande wa meza za biliadi. Mpangaji kwa upande wake alipoteza kisingizio. Mipira ikishakuwa sawa yote, nafasi ikionekana kati yake si kudra tena. Ni mkono wa mtu.

Namba zaingia

Wakati mafundi wakihangaika na plastiki, Wamarekani walikuwa wameipa pembetatu maana mpya. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe uliibuka mchezo wa mipira 15 yenye namba, kila mpira ukiwa na pointi sawa na namba yake. Jumlisha 1 hadi 15, unapata 120. Nusu yake ni 60, kwa hiyo aliyefika 61 alikuwa ameshinda. Mwaka 1878 Cyrille Dion wa Kanada alitwaa ubingwa wa kwanza wa mchezo huo nchini Marekani.

Sasa swali la nani akae wapi likawa na uzito. Katika mchezo wa mzunguko, ambapo mipira hupigwa kwa kufuata namba, mpira 1 ukakaa mbele, 2 na 3 kwenye pembe mbili za nyuma, na 15, ule wenye pointi nyingi, ukafichwa katikati. Mpango huo si pambo. Mpira unaotakiwa kwanza uko karibu, miwili inayofuata imetengwa mbali, na hazina imezungushiwa ulinzi. Mpangaji wa piramidi alikuwa mbeba mizigo, na huyu sasa alikuwa anajenga ngome.

Jina la pool nalo ni la enzi hizo. Linahusishwa na neno la Kifaransa lenye maana ya kuku jike, lililotumika kwa fedha za dau zinazokusanywa pamoja. Katika karne ya 19 chumba cha pool Marekani kilikuwa mahali pa kuchezea kamari ya farasi. Meza za biliadi ziliwekwa humo ili wateja wasichoke kusubiri matokeo ya mbio. Watu wakachanganya mahali na mchezo, jina likaganda, na sifa mbaya ya kamari ikaganda pamoja nalo. Watengenezaji wa meza walijitahidi miaka mingi kulibadilisha jina hilo kwa lingine la heshima zaidi, lakini mitaani halikufutika.

Mchezo wa pointi 61 ulikuwa na dhuluma ndani yake: mwenye mipira michache mikubwa angeweza kumshinda mwenye mipira mingi midogo. Mwaka 1888 ukaja utaratibu wa kuhesabu kila mpira pointi moja na kuendelea pembetatu baada ya pembetatu. Lakini mchezo ulikuwa bado unakufa kila mipira ilipokwisha, kwa sababu hakuna aliyetaka kuvunja pembetatu mpya na kumwachia mwenzake meza iliyojaa. Mnamo 1910 ikapatikana dawa, ambayo kwa kawaida anatajwa Jerome Keogh kuwa mwenye nayo: mpira wa mwisho uachwe mezani, 14 ipangwe upya, na nafasi ya mbele ya pembetatu ibaki wazi. Mchezaji anautumbukiza ule uliobaki na papo hapo anaivunja pembetatu kwa mpira mweupe, kisha anaendelea.

Pengo hilo moja la mbele lilibadilisha mchezo kuwa mto usiokauka. Mwaka 1954, huko Springfield, Ohio, Willie Mosconi alitumbukiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Ukigawanya kwa 14 utaona kwamba, baada ya pembetatu ya kwanza, mtu fulani aliinama kumpangia mara 37. Jina la Mosconi linajulikana na kila mpenzi wa mchezo, la aliyempangia halitajwi. Rekodi hiyo ilisimama miaka 65 mpaka John Schmidt alipofikisha 626 mwaka 2019, na Jayson Shaw akafika 714 mwaka 2022.

Katika kumbi za Marekani za enzi za Mosconi, kupanga ilikuwa ajira. Mchezo ulipokwisha mchezaji aligonga sakafu kwa fimbo na kuita, kijana wa ukumbi akaja na pembetatu yake, akapanga, akapokea malipo ya mchezo huo na kwenda meza nyingine. Malipo yalihesabiwa kwa pembetatu, si kwa saa. Mpangaji hakuwa na upande, na kwa sababu hiyo ubishi ulikuwa mdogo.

Kwa nini mweusi katikati

Mchezo tunaocheza wengi wetu, ule wa mpira namba 8, ulianza kuonekana Marekani karibu na mwaka 1900. Mwaka 1925 kampuni ya Brunswick-Balke-Collender ilikuwa ikiuza seti yake: mipira saba myekundu, saba ya njano, mmoja mweusi na mweupe wa kupigia. Baadaye Wamarekani wakarudi kwenye mipira ya namba, saba yenye rangi tupu na saba yenye mistari. Uingereza rangi nyekundu na njano zilibaki kwenye meza nyingi za baa.

Mipira 15 inaweza kukaa ndani ya pembetatu kwa namna zaidi ya trilioni 1.3. Kati ya namna zote hizo, kanuni za kimataifa zinadai machache. Mpira wa mbele ukae juu ya nukta ya meza. Namba 8 iwe katikati ya safu ya tatu. Pembe mbili za nyuma zipate mmoja wa rangi tupu na mmoja wa mistari. Mingine ikae itakavyoangukia.

Kila sharti lina sababu yake. Namba 8 ukitumbukia kabla ya wakati unaweza kuumaliza mchezo, kwa hiyo unafichwa mahali penye ulinzi. Ndani ya pembetatu ya mipira 15 kuna mitatu tu iliyozungukwa pande zote, kila mmoja ukigusa sita, na namba 8 ni mmoja wa hiyo mitatu. Pembe za nyuma ni kinyume chake. Mpira wa pembeni unagusa miwili tu, nguvu ikifika kwake haina pa kwenda ila nje, hivyo hukimbia haraka kuliko mingi. Pembe zote mbili zikiwa za aina moja, upande mmoja wa mchezo unapata upendeleo kabla ya pigo la pili. Kuzigawa ni kama kurusha sarafu.

Katika baa utakutana na waliojiongezea sheria. Wapo wanaotaka rangi tupu na mistari zipishane kote pembeni, na wapo wanaosisitiza namba 1 iwe mbele. Hakuna ubaya. Kila mtaa una desturi zake, mradi mmekubaliana kabla fremu haijanyanyuliwa.

Nafasi isiyoonekana

Ukihesabu sehemu ambazo mpira unagusa mpira ndani ya pembetatu ya 15, utapata 30. Mpangaji anatakiwa kuzifunga zote kwa vidole vyake, juu ya kitambaa chenye vishimo vidogo vilivyochimbwa na mapigo ya miaka. Mipira ina tabia ya kurudi kukaa kwenye vishimo hivyo. Wapo wanaoigonga kwa makusudi ili izoee mahali pake, na baada ya muda meza inajipanga nusu yenyewe. Wenye meza huchukia tabia hiyo kwa sababu inaharibu kitambaa.

Ubishi ulipanda daraja pale mchezo wa mipira tisa ulipotawala mashindano. Hapo mipira hupangwa umbo la almasi, namba 1 mbele na namba 9 katikati, na anayeitumbukiza 9 kwa pigo halali ameshinda, hata kama ni pigo la kuvunja. Pigo moja likiwa na bei kiasi hicho, kila pengo lina thamani. Mpangaji mjanja aliweza kuacha upenyo wa unywele nyuma ya mpira wa mbele na kulifisha pigo la mpinzani. Kanuni zikampa mpinzani haki ya kukagua. Wengine wakakagua mpaka watazamaji wakasinzia.

Mwanzoni mwa karne hii wakaleta mashine. Kifaa kimoja kilibana mipira yote kwa wakati mmoja mpaka pengo lisionekane, na wengi waliamini ubishi umekwisha. Kumbe pembetatu iliyoshikana kikamilifu ina siri yake: mipira ya pembeni huenda njia ileile kila mara. Mwaka 2001, katika mashindano ya wazi ya Marekani ya mipira tisa, Corey Deuel aliacha kuvunja kwa nguvu. Alipiga polepole, akijua mpira wa pembeni utaelekea shimo la kona, na mingine itatulia anapoitaka. Fainali alimfunga Mika Immonen wa Finland 11 kwa 0.

Walitafuta pembetatu isiyo na kasoro, walipoipata ikawa kasoro mpya. Tangu hapo waandaaji wamekuwa wakikimbizana na wachezaji. Kanuni ziliongezwa zinazodai mipira kadhaa ivuke mstari au iingie shimoni baada ya kuvunja, ili pigo la polepole lisifae. Mashindano makubwa yamehamisha namba 9 hadi kwenye nukta na kulisogeza kundi zima mbele, ili mpira wa pembeni usipate njia rahisi. Wengi wameacha fremu wakatumia karatasi nyembamba ya plastiki yenye matundu: unaiweka mezani, mipira inakaa yenyewe na kushikana, hakuna wa kumlaumu. Mwamuzi hupanga, wachezaji hukaa vitini.

Yule kijana wa ukumbi asiye na upande amerudi, safari hii akiwa amevaa glavu nyeupe.

Saa za kazi

Katika miji yetu meza ya pool haikuja na kijana wa ukumbi wala mwamuzi. Ilikuja na tundu la sarafu, ikawekwa chini ya turubai au pembeni mwa baa, na kila mtu akawa mpangaji. Sifa yake mbaya haikubaki nyuma. Mwaka 2016 Rais John Magufuli wa Tanzania aliwakemea vijana wanaoshinda kwenye pool saa za kazi, na viongozi wengine wakafuata kwa maagizo. Mzee yeyote wa Chicago ya mwaka 1910 angezitambua lawama hizo.

Upande wa pili wa sarafu upo. Nchini Tanzania bia ya Safari Lager ilidhamini kwa miaka kadhaa mashindano ya taifa ya pool, klabu za mikoa zikikutana kwa ligi. Uganda ina chama chake cha pool na mashindano yaliyodhaminiwa na Nile Special. Huko mwamuzi anapanga na mchezaji anasubiri, kama Ulaya. Lakini wachezaji hao wote walijifunza mahali pengine, kwenye meza iliyochoka, kwa fremu ya plastiki yenye ufa, mbele ya mtu asiyewaamini.

Na mahali hapo pana kanuni ambayo haikuhitaji plastiki ya Ubelgiji wala karatasi yenye matundu: aliyefungwa apange, mshindi avunje. Ukiifikiria, ni kanuni ngumu. Mwenye uchungu wa kushindwa ndiye anayekabidhiwa silaha ya mshindi. Ana kila sababu ya kuacha upenyo, na vidole vyake ndivyo vilivyo ndani ya fremu. Kinachomzuia ni jicho la mwenzake, na hesabu rahisi kwamba usiku bado mrefu na zamu zinabadilika.

Kwa hiyo mshindi wetu ameinama tena, shavu karibu liguse kitambaa, jicho moja limefumbwa. Amekagua safu ya mbele, amekagua pembe zote mbili, ameutazama ule mweusi katikati. Aliyepanga ananyanyua fremu taratibu, kwanza nyuma, halafu mbele, asiguse hata mpira mmoja.

"Haya, sasa imeshika."

Anarudi upande wake wa meza, anauweka mpira mweupe, anavuta pumzi. Akishindwa mchezo huu, ni yeye atakayeingiza vidole ndani ya fremu, na yule mwingine atakayechungulia.